Shanga Zinazoogopa Chumvi

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati kuliko mimi, basi bado hajazaliwa. Jana nimeshinda mfuko wa kilo tano katika bahati nasibu ya duka la jumla. Tiketi moja tu! Watu mia mbili wamejipanga, wanasukumana, na jina linalotoka ni langu. Mwenye duka akanipa mkono, akasema nyota kama yangu huonekana mara moja kwa karne. Sikumbishia. Mtu mzima habishani na ukweli.

Ndani ya mfuko: shanga za maji. Zikiwa kavu ni punje ndogo kama mbegu za nyanya, hata kuku hawezi kuzitazama mara mbili. Ukizitia majini zinavimba, zinavimba, zinakuwa gololi laini zinazong'aa kama kioo. Wenye nazo huzijaza kwenye vyombo vya kioo na kusimika maua juu yake. Nimeziona kwenye hoteli kubwa nilipoitwa kuzibua choo. Mimi ni fundi bomba. Nimeingia hoteli nyingi kuliko wageni wao.

Maandishi ya mfuko ni ya lugha nisiyoijua, na lugha nisizozijua ni chache. Pembeni kuna picha ya sinki lililopigwa mstari mwekundu. Hiyo nimeielewa mara moja: bidhaa ya hali ya juu, haihitaji hata sinki.

Na imekuja kwa wakati wake. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini. Leo kikao cha familia sebuleni kwake, kugawana kazi. Mapambo akapewa shemeji, kaka wa mke wangu, kama kawaida. Ndiyo kazi yake: anapamba kumbi, ana stoo, ana gari lenye picha ya waridi ubavuni. Mimi nikapewa vyoo vya ukumbi. Nihakikishe vinapitisha. Vyoo! Miaka kumi na sita nimeoa katika nyumba ile, na kila sherehe nakabidhiwa vyoo.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba safari hii meza zote ishirini nitazipamba mimi. Mtu akakohoa. Shemeji akauliza kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) nitazipamba na nini, koki? Wakacheka mpaka mtoto mchanga akaamka. Mke wangu hakucheka. Alinishika mkono chini ya meza, akaukaza. Sijui kama ulikuwa upendo au onyo.

Mama mkwe akasema haya, mwacheni huyo fundi ajaribu.

Huyo fundi! Muuza magazeti anamwita mwanangu. Kinyozi, mwanangu. Mbwa wa jirani, aliyemng'ata mwaka juzi, ni mwanangu mpaka leo. Mimi, baba wa wajukuu zake watatu, ni huyo fundi. Miaka kumi na sita! Basi naapa hapa: Jumamosi sitoki kwenye ukumbi ule bila kuitwa mwanangu. Nimeandika kwa kalamu ya wino, si penseli.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi majaribio. Kijiko kimoja, bilauri moja, maji ya mvua kutoka kwenye pipa letu chini ya mfereji wa bati. Saa nne: choroko. Saa sita: njegere. Alasiri: gololi! Bilauri imefurika, zinadunda sakafuni, watoto wanazikimbiza uvunguni. Mke wangu akakiri kwamba ni nzuri. Akaongeza kwamba hiyo ni bilauri yake ya wageni.

Nikaona nisiifiche neema. Jioni nikabeba kijiko kingine kikavu pamoja na mfuko wenyewe, nikaenda kwa mama mkwe ili aone kwa macho yake. Shemeji naye alikuwapo, eti amekuja kupima kitambaa. Nikaomba jagi la maji. Wakachota kwenye kisima cha uani. Nikamwaga shanga kwa madaha, kama mganga, nikawaambia wasubiri saa tatu tu.

Tukasubiri. Saa tatu na mama mkwe sebuleni si mchezo. Tuliongea habari za hali ya hewa. Zikaisha. Tukaziongea tena.

Tukatazama jagi. Dengu! Hazikufika hata njegere. Zimekaa chini ya jagi, zimejikunyata kama zimeitwa kwa mwalimu mkuu. Shemeji akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mama mkwe akauliza kama wageni watagawiwa darubini mlangoni.

Nikawaambia ni shanga zenye adabu, zinaona haya mbele ya wakwe. Mama mkwe hakucheka, ila upande mmoja wa mdomo wake ulisogea. Niliuona. Wengine hawakuuona, mimi niliuona.

Wakati naondoka shemeji akashika mfuko wangu, akautazama ulivyofungwa, akauliza nimeupata wapi. Bahati nasibu, nikamjibu. Akanitazama sana. Akatabasamu, akasema hongera, shemeji. Silipendi tabasamu lile. Wivu huo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu. Ni mwalimu mstaafu wa kemia, jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Koki yake nimemtengenezea mara tatu na iko mbioni kupona. Nikamweleza: nyumbani gololi, kwa wakwe dengu. Je, ni uchawi?

Akaniuliza maji ya kisima kile yana ladha gani. Nikamwambia yana uchumvichumvi. Akapiga meza kwa kiganja. Akaniomba gololi moja. Nilikuwa nazo mfukoni, na suruali imelowa, lakini elimu haina aibu. Akaiweka kwenye kisahani, akainyunyizia chumvi ya jikoni.

Ikaanza kutoka jasho! Naapa. Ilitoa maji kama mtu aliyeulizwa alikuwa wapi jana. Ikanywea, ikanywea, mpaka ikawa njegere. Mwalimu akaisuuza, akaitia kwenye kikombe cha maji ya mvua. Tukanywa chai. Tulipomaliza ilikuwa imeanza kunenepa tena.

Somo lenyewe, kwa kadiri nilivyolishika (shuleni niliishia njiani, lakini njia yenyewe niliijua vizuri). Ndani ya kila shanga kuna wavu wa nyuzi nyembamba mno. Zikiingia majini, nyuzi hizo zinabaki na chaji ya umeme, zote za aina moja, na chaji za aina moja hazipatani, zinasukumana. Huyu anamsukuma huyu, wavu unatanuka, maji yanaingia kujaza nafasi. Sasa leta chumvi. Chumvi ikiyeyuka inavunjika vipande vidogo vyenye chaji pia. Vile vya upande wa pili vinakwenda kuzizunguka nyuzi, vinazifunika, ugomvi unapoa. Nyuzi zinasogeleana, zinakaa, na maji yanaonyeshwa mlango.

Nikamwambia basi nimeelewa: nyuzi ni familia ya mke wangu kwenye kikao. Kila mmoja anamsukuma mwenzake mpaka chumba kinavimba. Chumvi ni mgeni anayeketi katikati yao, wote wakashika adabu. Mwalimu akafikiri. Akasema katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kulieleza vibaya hivyo na akawa karibu hivyo na ukweli. Nimeliandika kama sifa.

Akaongeza jambo kuhusu mabomba, kwamba nisije nikazimwaga kwenye mabomba. Nikaitikia kwa heshima. Lakini jamani! Mwalimu wa kemia kumfundisha fundi bomba habari za mabomba!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ushindi. Nusu ya mfuko nimeitia kwenye mapipa matatu, maji ya mvua matupu, tone la kisima halijagusa. Jioni hii mapipa yote yamejaa gololi mpaka mdomoni. Nimetumbukiza mkono hadi kwenye bega. Raha yake! Kama kupeana mkono na samaki elfu moja.

Mke wangu akasema ziko vizuri hivihivi, nisiziguse tena. Akarudia: nisiziguse tena. Mke mwema.

Lakini nimepata wazo. Mama mkwe anapenda zambarau. Mapazia yake zambarau, mtandio wake zambarau, hata kifuniko cha redio.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Msiba.

Asubuhi nilinunua rangi ya unga ya kutia nguo, zambarau iliyokolea. Pakiti imeandika: tia chumvi vikombe viwili kwa kila ndoo ili rangi ishike. Mimi kwa kawaida sisomi maelezo ya pakiti. Leo, kwa mara ya kwanza maishani, nikayasoma, nikayafuata neno kwa neno, vikombe juu ya vikombe, na tazama matokeo ya utii!

Saa tisa nikafunua mapipa. Rangi imeshika barabara. Lakini gololi ziko wapi? Mapipa matatu ya utukufu yamekuwa maji ya zambarau, na chini yake ndoo moja ya dengu.

Mke wangu akauliza kwa sauti ya chini kama si jambo hilihili Mwalimu alilonionyesha juzi kwenye kisahani. Nikamweleza kwamba Mwalimu alizungumzia chumvi ya jikoni, na hii ilikuwa chumvi ya nguo. Akasimama akatoka. Nikamsikia anazungumza na ukuta wa jikoni.

Lakini fundi hafi moyo. Ugonjwa ni chumvi, dawa ni kuiosha. Pipa letu la mvua nimelimaliza, ila ukumbi una tangi kubwa la maji ya mvua juu ya paa. Kesho nitazisuuza huko, zitarudi kuwa gololi, tena za zambarau. Ukitazama vizuri, mambo yamekwenda kama nilivyopanga.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimefika ukumbini mapema na ndoo yangu ya dengu pamoja na nusu ya mfuko iliyobaki. Jikoni kuna sinki kubwa la kuogeshea masufuria, linatosha kumwogesha ndama. Nikamwaga dengu zote humo, nikafungulia maji.

Sinki lile halina kichujio kwenye tundu. Nilikitoa mimi mwenyewe mwaka jana nilipolitengeneza, ili maji yapite haraka. Kiko kwenye sanduku langu la vifaa, nawekea misumari.

Zikaanza kuondoka. Kwanza moja, halafu tatu, halafu kama watoto kengele ya kutoka shule imelia. Nikazidaka kwa viganja, kwa kofia. Nimeokoa labda theluthi. Nyingine zote zimeteremka na maji zikienda zake.

Je, niliogopa? Hata kidogo. Dengu kwenye bomba la inchi nne! Hilo bomba panya anapita na mizigo yake. Nikatia zilizobaki kwenye mapipa ya ukumbi, nikaongeza zile kavu zote za mfukoni, nikajaza maji ya tangi. Zambarau kidogo, nyeupe nyingi, zitapendeza zaidi. Mpishi, mama mmoja mpana asiyecheka, akauliza mbona sinki lake limekuwa la zambarau. Nikamwambia ni sabuni mpya.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naandika jioni, mikono bado inanuka.

Asubuhi mambo yalikuwa peponi. Mapipa yamejaa gololi, zambarau na nyeupe. Nikajaza vyombo ishirini vya kioo, ua moja juu ya kila kimoja, jua linapenya dirishani, kila meza inameta. Shemeji akaja na boksi la maua yake ya akiba (aliyaleta kwa usiri, nikayaona). Akazunguka meza zote. Akagusa gololi moja kwa kidole, akasema kweli, shemeji, zimependeza. Kidogo nimpende.

Saa tano ukasikika mlio. Gluk. Watu wengine hawakuugeukia. Mimi nayajua mabomba: ule ni mlio wa bomba linalosafisha koo kabla ya kusema jambo.

Jambo likasemwa. Jikoni mwosha vyombo akapiga kelele kwamba sinki linapanda badala ya kushuka. Halafu shangazi wa mke wangu, mwanamke mwenye mwili na heshima zake, akatoka choo cha wanawake ameshika sketi kwa mikono miwili, akisema sakafuni kuna macho yanamtazama. Nikakimbia. Tundu la maji la sakafuni lilikuwa linatema gololi za zambarau. Moja. Nyingine. Nyingine. Zinateremka ukumbini kwa mstari kama wageni waalikwa, maji yanazifuata nyuma.

Dengu zangu! Zilishuka bombani, maji ya mvua yakazisuuza usiku kucha, chumvi ikaisha, na zikakumbuka ukubwa wao humo humo ndani.

Nikaleta mpira wa kuzibulia. Nikasukuma mara moja. Bomba likanikohoa usoni. Nikaleta waya. Waya ukapita katikati yake kama kidole kwenye uji, ukarudi mtupu. Nikamwaga maji ya moto. Hakuna! Nadhani yalizifurahisha. Saa sita ikapita. Mama mkwe anaingia saa nane kamili, hajachelewa tangu azaliwe.

Nikageuka nikamkuta shemeji pembeni yangu. Amekunja mikono ya shati lake la hariri, amepiga magoti, anachota gololi kwa bakuli. Hakusema koki. Hapo ndipo iliponiuma. Nikaketi juu ya ndoo. Nikamwona mama mkwe akiingia na viatu vyake vyeupe, akikanyaga zambarau, akisema mwondoeni huyo fundi. Na nitakuwa huyo fundi mpaka siku ya kuzikwa. Hata kaburini ataniletea choo nizibue.

Nikatazama gololi moja iliyobingirika mpaka kwenye kiatu changu. Nikakumbuka kisahani cha Mwalimu.

Chumvi!

Nikapiga mbio jikoni. Mpishi kasimama mbele ya masufuria yake kama askari wa lango. Nikaomba chumvi. Akauliza kiasi gani. Yote, nikasema. Akauliza kama nina wazimu. Nikamwambia kiasi. Akakataa katakata: vyakula vyote vimeshaiva, yeye chumvi huitia mwisho, ni mtindo wake tangu ujana, na mfuko ule ndio wa sherehe nzima. Shemeji akaingia nyuma yangu, akaanza kumsifia aproni. Alimsifia kwa kirefu, akafika hadi kwenye mishono. Mpishi akainama kuitazama aproni yake, na mimi nikatoka na mfuko begani.

Nikagawa chumvi kama mtu anayepanda mbegu. Sinki, chooni, matundu ya sakafuni, kila mahali, na maji ya uvuguvugu juu yake. Tukasubiri. Nikawaza zile nyuzi huko gizani, zinasukumana, zinagombea nafasi, na wageni wangu wa chumvi wanaingia mmoja mmoja kuketi katikati. Ketini, jamani. Pataneni.

Nusu saa. Bomba likanguruma. Likanyamaza. Halafu gwaaaa! Mstari mzima ukashuka kwa pamoja, ukumbi ukatetemeka, mwosha vyombo akashangilia. Nikamkumbatia shemeji. Alinuka waridi na mtaro. Sote wawili tulinuka. Tukapiga deki mbiombio, na saa nane kasoro dakika mbili sakafu ikawa kavu.

Mama mkwe akaingia. Akasimama mlangoni akatazama meza zote ishirini, zambarau na nyeupe. Akasema ni nzuri, nani amepamba? Wakamwambia. Akasema aa, huyo fundi. Akaenda kuketi.

Basi! Yaani nzuri, na bado huyo fundi!

Kikaja chakula. Hapo nikakumbuka kitu kingine. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, maana mwenyewe alikuwa mgeni wetu, meza ya sita. Wageni sabini wakatia tonge la kwanza kinywani. Mjomba wa mke wangu akatafuna huku akitazama dari, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Mmoja akaomba chumvi. Meza ya pili wakaomba chumvi. Mpishi akatoka jikoni na mwiko, akasimama katikati ya ukumbi, akaninyooshea. Akasema kwa sauti kwamba asilaumiwe yeye, chumvi yote ya sherehe kaichukua huyu, chakula chote hakina hata chembe!

Macho sabini yakanigeukia. Mara mbili yake, kwa sababu kila mtu ana mawili. Mke wangu akafumba yake.

Mama mkwe akaweka uma chini.

Lazima nieleze hapa. Miaka sita iliyopita daktari alimkataza mama mkwe chumvi, kwa ajili ya presha. Tangu hapo katika kila sherehe hupikiwa chakula chake pembeni, kwenye kisufuria kidogo, kikaletwa kimefunikwa sahani. Anakifunua mwenyewe. Anakula huku anatazama masinia ya wenzake. Leo pia alikuwa na kisahani chake. Mimi sikuwahi kukifikiria hata siku moja. Naandika kweli.

Akauliza: chakula chote? Mpishi akasema chote. Mama mkwe akakisukuma kile kisahani chake mpaka ukingoni mwa meza. Akavuta sinia la katikati, akajipakulia wali, akajipakulia nyama, akajipakulia mboga, akala. Akajipakulia tena. Mjomba akatafuna kwa bidii.

Halafu akasema, na ukumbi wote ukasikia, kwamba kwa miaka sita anakula peke yake katikati ya watu, na watoto wake wote, wasomi na matajiri, hakuna aliyeliona.

Akanitazama. Akasema, "Njoo hapa, mwanangu."

Nikageuka nyuma kutazama kama mbwa wa jirani ameingia.

Ilikuwa ni mimi. Nikaenda. Akanishika shavu, mkono wake mkavu na mwepesi, akaniuliza kama nilifanya hivyo kwa ajili yake. Ingekuwa wewe ungesemaje? Nikasema, "Ndiyo, mama." Sauti ikanikatikia njiani, na hilo sikulipanga. Shemeji akapaliwa na maji. Kisha akasimama, akawa wa kwanza kupiga makofi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shemeji amekuja asubuhi kunirudishia waya wangu wa kuzibulia na mfuko mtupu wa shanga. Amekataa chai, tukasimama uani. Akaniuliza bahati nasibu ile ilikuwa duka gani, maana naye angependa kujaribu. Nikamtajia mtaa wa mbali. Akatikisa kichwa. Akasema ajabu, maana mfuko ule umefungwa kwa waya wa kijani, kwa fundo analofunga yeye kwenye mashada yake, na yeye alikuwa na mfuko kama huo uliomzibia sinki la mteja mwaka jana, gololi mpaka barabarani.

Nikaukagua sana ule waya wa kijani mdomoni mwa mfuko. Nikamuuliza kwa nini, kama alikuwa na mawazo ya aina hiyo, hakunionya tangu Jumatatu. Akasema alitaka. Lakini niliposema shanga zinaona haya mbele ya wakwe, mama yao alitaka kucheka. Upande mmoja wa mdomo. Hajamwona hivyo tangu baba yao afariki, akaona aache tu twende mpaka mwisho.

Kumbe naye aliuona.

Akaomba kitu kimoja tu: nisipite tena nyuma ya stoo yake. Nikaapa kwa mkono juu.

Mke wangu ameuliza wakati wa chakula cha mchana nimejifunza nini wiki hii. Mengi, nikamwambia. Kwanza, kwamba nina kipaji cha mapambo, kilichokuwa kinapotea chooni. Yeye akasema kwamba koki ya Mwalimu inavuja tena, na kwamba nirudishe kichujio cha sinki la ukumbi. Kichujio hakipo, kina misumari. Mama mkwe naye ametuma salamu: mwezi ujao sebule yake inapakwa rangi, na kazi amesema apewe mwanangu. Mwanangu! Nimemwomba mjumbe arudie mara tatu.

Kwa hiyo jioni nimemfuata shemeji kwake, nikamsindikiza hadi stoo, kwa adabu tu. Wakati anahangaika na kufuli nikachungulia nyuma. Kuna ndoo ya rangi imekaa juu ya takataka, nzima, mfuniko umebana, imejaa. Ina maandishi ya lugha nisiyoijua na picha ya mtu aliyeziba pua, amepigwa mstari mwekundu. Nimeielewa mara moja: rangi isiyo na harufu.

Sasa iko chini ya kitanda. Mke wangu ameuliza nimeitoa wapi, nikamwambia bahati nasibu.

Hakujawahi kuwa na bahati nasibu. Tangu nizaliwe sijashinda hata kalamu. Mfuko niliuokota jalalani kwa shemeji, na ndoo nimeiokota hapohapo.